Kabla Hujafungua Injini: Jinsi ya Kuhakiki Presha ya Oili kwenye Gari la Zamani

Taa ya oili ikiwaka ukiwa barabarani, au mshale wa geji ukilala kwenye sifuri, usianze kutafuta kosa liko wapi. Zima injini kwanza. Sogea pembeni, mahali salama, geuza ufunguo. Usijidanganye kwamba Njiro si mbali, au kwamba fundi wako yuko kilomita mbili tu mbele. Injini inayozunguka bila oili inaweza kula beringi zake ndani ya dakika chache, na ukiwa kwenye usukani huna njia ya kujua kama unachokiona ni waya uliokatika au pampu iliyokufa. Ukishazima, uharibifu umesimama. Sasa una muda wa kufikiri, na kazi hii inataka kufikiri kabla ya spana.

Ninawaandikia wenye magari ya zamani hapa Engutoto na Arusha nzima, kwa sababu mji huu unaishi na magari hayo kuliko miji mingi. Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya silinda sita ambayo Toyota ilianza kuitoa mwaka 1990, bado inapeleka watalii Ngorongoro na Serengeti. Land Rover 110 na Defender za 300Tdi bado zinapanda vilima vya Meru zikiwa na magunia ya viazi. Oktoba 2024 Land Rover zilikusanyika Arusha kwa mamia katika tamasha lililolenga kuvunja rekodi ya msafara wa magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018, na kati ya zilizopita mbele ya watu zilikuwamo zenye umri mkubwa kuliko madereva wake. Magari haya yamedumu kwa sababu chuma chake ni kizuri. Nyaya zake hazikuumbwa kudumu hivyo. Zimepikwa na joto la injini, zimejaa vumbi, zimetikiswa na changarawe ya mawimbi inayoanzia lango la Loduare kuelekea Naabi, na zimeungwa na mafundi wengi ambao hawakuulizana. Ndiyo maana kipimo hudanganya mara nyingi kabla presha yenyewe haijakufa.

Hasara hapa huja kwa milango miwili. Kuna anayefunguliwa injini, akanunua beringi na gasketi, kumbe sensa moja ndogo ndiyo iliyochoka. Na kuna anayebadilisha sensa ya kwanza, ya pili, ya tatu, akiambiwa "hizi za siku hizi ni feki", mpaka siku injini inanoki akiwa Makuyuni. Wote wawili wameruka hatua ileile: hakuna aliyepima presha kwa geji ya mkono. Mengine yote nitakayosema yanazunguka hatua hiyo.

Anza kwa kujua gari lako linakuambia nini. Magari mengi yana taa tu. Nyuma ya taa hiyo kuna swichi iliyofungwa kwenye bloku, mara nyingi karibu na filta ya oili. Injini ikiwa imezimwa, swichi inaunganisha waya na chuma cha injini, yaani ethi, na taa inawaka ukiweka ufunguo kwenye ON. Ukipiga stata, presha inasukuma kiwambo kilicho ndani ya swichi, mguso unaachana, taa inazimika. Sasa angalia jambo ambalo madereva wengi hawaambiwi: swichi nyingi huachana presha ikifika kati ya psi 3 na 7 tu. Kwa hiyo injini yenye psi 10 kwenye mizunguko 3000, ambayo iko taabani kabisa, itakwenda na taa imezimika. Taa kuzimika maana yake ni kwamba kuna presha kidogo. Haina maana kwamba presha inatosha.

Magari mengine, kama mkonga, yana geji yenye mshale, na sensa yake haiwashi na kuzima bali hubadilisha umeme unaopita kadiri presha inavyopanda na kushuka. Hapa ndipo watu hupotea, kwa sababu geji hazifanani. Aina ya VDO ina ukinzani wa kama omu 10 presha ikiwa sifuri na kama omu 180 ikiwa juu kabisa. Waya ukikatika, mshale unaruka juu. Geji za Toyota za miaka hiyo hufanya kinyume: waya ukikatika, mshale unalala sifuri. Kwa hiyo kabla hujatafsiri mshale, jua geji yako ni ya aina gani. Na ukinunua sensa, nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Usikubali "hii inaingia" tu. Inaweza kuingia kwenye uzi wa bloku na bado ikawa ya geji nyingine, au ikawa ya umeme wa volti 24 kutoka kwenye Land Cruiser za soko la Japani wakati gari lako ni la volti 12. Mshale utasogea, lakini utakachosoma si presha ya injini yako.

Turudi kwenye gari lililosimama. Subiri dakika kumi, gari likiwa sehemu tambarare, halafu vuta kijiti cha oili. Futa, rudisha, vuta tena. Kiwango kikiwa chini ya alama ya chini, huenda jibu umelipata, hasa kama taa iliwaka kwenye kona au ulipokuwa ukiteremka. Barabara ya kushuka bonde la Ngorongoro inashusha gari karibu mita 600 kutoka ukingoni. Pua ikiwa chini muda wote huo, oili kidogo iliyomo kwenye sampo hukimbilia upande mmoja na pampu inavuta hewa. Taa ya namna hii haidanganyi. Inasema ukweli mapema, na dereva anayeongeza oili na kutafuta inakovujia ameokoa injini yake.

Kiwango kikiwa juu kuliko ulipojaza, shika hofu zaidi. Oili haizaliani. Paka tone kidoleni, nusa. Ikinuka dizeli na kuteleza kama maji, kuna mafuta yanaingia kwenye sampo. Kwenye 300Tdi kiwambo cha pampu ndogo ya mafuta iliyo ubavuni mwa injini kikipasuka kinaweza kufanya hivyo, na kwenye dizeli nyingine sili ya pampu kubwa hufanya hivyo pia. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji ya rejeta yameingia. Katika hali hizo mbili usiwashe tena gari hata kwa kujaribu. Litavutwa.

Kama oili iko sawa kwa kiwango, rangi na harufu, fungua boneti utafute waya. Nenda polepole hapa, maana makosa mengi yanaishi sehemu hii. Kichwa cha waya kinachokaa kwenye swichi au sensa kimelegea? Kimejaa oili? Ngozi ya waya imekatika pale unapopita karibu na eksozi? Waya ulioganda kwa joto unaweza kugusa chuma gari likitikisika na kuachana nacho gari likisimama, na hiyo ndiyo taa inayowaka kwenye changarawe tu na kuzimika kwenye lami. Tikisa waya kwa mkono huku mwenzako akitazama dashibodi, ufunguo ukiwa ON na injini imezimwa. Mshale ukirukaruka au taa ikipepesa, umeshika mkia wa tatizo.

Halafu chomoa waya kwenye swichi. Kwa gari lenye taa, ufunguo ukiwa ON, taa inatakiwa izimike. Ikiendelea kuwaka wakati waya uko hewani, waya huo unagusa chuma mahali fulani kati ya swichi na dashibodi, na injini yako inasingiziwa. Gusisha waya kwenye chuma safi cha bloku: taa iwake. Isipowaka, balbu imeungua au waya umekatika, na maana yake umekuwa ukiendesha bila mlinzi.

Kwa gari lenye mshale kipimo ni kilekile, ila usiugusishe waya moja kwa moja kwenye chuma ukauacha hapo. Geji za zamani hufanya kazi kwa waya mwembamba unaopata joto, na umeme mwingi huuunguza. Miongozo ya gereji ya Toyota huelekeza kupitisha umeme huo kwenye balbu ndogo ya wati 3.4, kama zile za dashibodi. Balbu iwake na mshale usogee. Ukisogea vizuri, geji na waya ni wazima, na mashaka yanahamia kwenye sensa. Usiposogea, kosa liko nyuma ya dashibodi au njiani, na hakuna fundi anayepaswa kugusa sampo yako siku hiyo.

Usiisahau ethi. Sensa yenye waya mmoja hupata ethi kupitia uzi wake ulioingia kwenye bloku, na bloku hupata ethi kupitia mkanda wa waya unaokwenda kwenye bodi na betri. Mkanda huo ukiliwa na kutu, dashibodi nzima huanza kusema mambo ya ajabu. Fanya jaribio hili usiku: angalia mshale wa oili, wa joto na wa mafuta, kisha washa taa kubwa. Mishale yote ikisogea pamoja, tatizo si oili. Safisha mkanda wa ethi, kaza, au weka mpya. Kwenye Land Rover za zamani zenye kidhibiti cha volti za dashibodi, kifaa hicho kikiharibika geji zinazokitegemea hudanganya kwa pamoja vilevile. Na ukifunga sensa mpya, usiizungushie tepu nyeupe ya bomba tabaka baada ya tabaka kama unafunga bomba la maji la bafuni. Umeikatia ethi, itasoma vibaya ingawa umeinunua leo.

Sasa tuje kwenye geji ya mkono. Ni geji ya kawaida ya mshale, isiyotumia umeme, yenye mpira mgumu na vichwa kadhaa vya uzi. Gereji nyingi nzuri wanayo, na wenye magari watatu au wanne wanaweza kuchanga wakanunua moja. Ukifika gereji sema wazi: "Fundi, shikamoo. Kabla hujafungua chochote, nifungie geji ya mkono tuone presha." Fundi mzuri hatakasirika. Akikujibu kwamba yeye anaijua presha kwa kusikiliza mlio, mshukuru, tafuta mwingine.

Injini ikiwa imepoa, toa swichi au sensa, uweke tambara chini kwa sababu oili kidogo itamwagika. Hiyo isimwagwe mtaroni. Mitaro yetu inaishia Mto Themi, na kuna watu wanaomwagilia mboga kwa maji hayo. Angalia uzi kwa makini. Toyota na magari mengi ya Kijapani hutumia uzi wa inchi 1/8 wenye meno 28 kwa inchi. Geji nyingi zilizotengenezwa kwa kipimo cha Kimarekani zina meno 27. Kwa macho ni pacha. Ukianza kwa mkono unaingia mzunguko mmoja na nusu, kisha unakaza. Ukikaza hapo ndipo fundi mwenye nguvu anachukua spana ndefu na kuharibu uzi wa bloku, hasara kubwa kuliko tatizo lenyewe. Uzi ukikataa kwa vidole, simama, tafuta kichwa kinachofaa.

Pitisha mpira mbali na eksozi na feni. Mpira wa plastiki nyembamba ukigusa eksozi unayeyuka, na oili ya moto inayorushwa kwenye chuma chekundu huwaka. Kwa sababu hiyohiyo usiache geji hiyo ndani ya gari kama pambo la kudumu. Imekuja kupima, ikimaliza itoke. Washa injini, tazama kama kuna uvujaji, kisha endesha. Usisome presha ya injini baridi ukarudi nyumbani umefurahi. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Meru ikiwa imeshuka hadi mtaani, oili ni nzito na injini yoyote iliyochoka itaonyesha presha ya kijana. Nenda mpaka Usa River na kurudi, au panda kilima, mpaka joto limetulia kwenye kiwango chake cha kawaida kwa muda. Ndipo usome kwenye sailensa, yaani injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta, kwenye mizunguko 2000 na kwenye 3000. Andika tarehe, kilomita na namba zote tatu kwenye daftari la gari. Namba za leo zitakuwa na thamani kubwa zaidi mwaka kesho, ukipima tena.

Namba zenyewe zinasemaje? Kwa injini nyingi za Toyota za umri huo, miongozo ya gereji inataka angalau kilo 0.3 kwa sentimita ya mraba kwenye sailensa, ambayo ni kama psi 4, na kuanzia kilo 2.5, kama psi 36, kwenye mizunguko 3000. Wengi hushtuka wakisikia psi 4. Ndiyo, kwenye sailensa ya moto presha ndogo ni kawaida. Ukisimama kwenye kituo cha kutazama bonde la Ngorongoro baada ya kupanda tangu Mto wa Mbu, mshale ukashuka kuliko ulivyokuwa asubuhi, hiyo peke yake si ugonjwa. Gusa mafuta uone kama unapanda mara moja. Kama huna kitabu cha injini yako, mafundi wa nchi nyingi hutumia kipimo cha psi 10 kwa kila mizunguko 1000. Ni kipimo cha dharura, hakishindi kitabu.

Geji ya mkono ikionyesha presha nzuri wakati dashibodi inalia, mambo ni rahisi: swichi, sensa, waya au ethi. Badilisha kilicho kibovu na uendelee na safari zako.

Ikionyesha presha mbovu, basi dashibodi ilikuwa ikisema kweli, na tunatafuta kwa mpangilio wa gharama. Kwanza oili na filta. Weka oili ya unene uliotajwa kwenye kitabu, kwa dizeli hizi mara nyingi 15W-40, na filta inayoaminika. Filta duni isiyo na kiwambo cha kuzuia oili isirudi chini usiku ndiyo hufanya taa ichelewe kuzimika kila asubuhi. Filta ya zamani usiitupe. Ikate, kunjua karatasi yake, itazame juani. Vipande vinavyometa ni beringi. Usitegemee sumaku, kwa kuwa madini ya beringi kama shaba, risasi na aluminiamu hayashikwi na sumaku. Ikiwa safi, fundi aangalie valvu ya kupunguza presha, ambayo uchafu unaweza kuikwamisha ikiwa wazi, halafu chujio la ndani ya sampo, halafu pampu. Mwisho kabisa ndiyo beringi za kranki na za konrodi, na huko ni ovaholi.

Neno moja kuhusu oili nzito. Kuna desturi ya kumwaga oili ya SAE 50 au dawa ya chupa ili mshale upande. Mshale utapanda kweli. Beringi iliyolika itabaki imelika, na asubuhi ya baridi oili hiyo nzito itachelewa kufika kwenye roka za juu, mahali palipo mbali na pampu. Anayekushauri hivyo kama tiba hakusaidii. Kama ni kufika nyumbani kutoka porini, sawa. Baada ya hapo pima.

Na wewe unayetafuta kununua mkonga au Defender, hapa Arusha au popote, kumbuka kwamba kuna wauzaji wanaokata waya wa taa ya oili, au kuuunga na taa ya chaji ili ziwake na kuzimika pamoja, mteja asijue. Fika gari likiwa baridi. Ukikuta boneti ina joto kabla hujaja, uliza kwa nini. Kama gari lina taa, weka ufunguo ON bila kupiga stata, na taa ya oili iwake yenyewe. Chomoa waya kwenye swichi, taa ya oili izimike na ya chaji ibaki. Kisha mwombe muuzaji ruhusa ya kufunga geji ya mkono na kuendesha mpaka injini ipate joto. Muuzaji akikataa, rudi nyumbani na hela zako.